Kivuli Bila Tobo

Iko nchi moja ambayo jina lake halitajwi ila mtu amesimama wima, mikono ubavuni, kofia kwapani. Sisi hapa tumekaa kitako, wengine tumekunja miguu mkekani, na kuinuka kila mara kwa ajili ya jina ni kujichosha bure. Basi tuiite nchi ile, nanyi msiulize zaidi. Iko mbali. Mkidhani mmewahi kuiona mahali, ni macho yenu tu.

Nchi ile ilikuwa na sheria moja kubwa, na nyingine zote zilikuwa vitukuu vyake: gari la serikali halitobolewi wala halichomelewi. Sheria ilikuja kwa heshima kabisa. Siku moja Mtukufu Kiongozi alikuwa garini akienda kuzindua kisima, na fundi alikuwa ametoboa paa ili afunge kipaza sauti. Mvua ikanyesha. Tone moja likapenya kwenye tundu la skrubu, likamwangukia Mtukufu sikioni wakati akisinzia kwa niaba ya taifa. Alipofika hakuzindua kitu. Alihutubia juu ya matobo tangu asubuhi mpaka mbuzi wakarudi zizini. "Tobo dogo," alisema, "ni mlango wa adui mwembamba." Wananchi wakapiga makofi mpaka vumbi likakifukia kisima, na hakijafukuliwa hadi leo.

Kesho yake keekee zote za nchi, zile za kutobolea bati na mbao, zikakusanywa na kupelekwa makumbusho, ambako unaruhusiwa kuzitazama ukiwa umesimama mbali. Wachomeleaji nao, kwa kuwa serikali ile haimtupi mtu, wakaundiwa Kwaya ya Taifa. Wanaimba vizuri sana, ila hawajaacha kuvaa miwani myeusi, na wakifika kwenye kiitikio hugeuza nyuso pembeni kama wanaoogopa cheche. Juu ya yote ikaundwa Wizara ya Mabati Mazima, ili kuhakikisha kwamba chochote kinachowekwa nje ya gari la serikali kinashikizwa bila tobo na bila moto.

Sasa, ndani ya nchi ile alikuwako muuguzi mmoja, Nesi Siwema, mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, na uvumilivu usiozidi njiti ya kiberiti. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na gari la kliniki, yeye na dereva wake Hamduni, wakichanja watoto. Kituo chao cha mwisho kilikuwa Majarubani, kwenye mashamba ya chumvi. Majarubani hakuna mti. Mti wa karibu uko wilaya nyingine, na una mlinzi. Ardhi ni nyeupe, jua linakupiga toka juu, kisha chumvi inalirudisha likupige toka chini.

Wanawake wa kule hukwangua chumvi tangu alfajiri, na siku ya kliniki hupanga foleni na watoto mgongoni. Nesi Siwema alikuwa na utaratibu wake: aliwapanga kwa urefu, warefu upande wa jua, wafupi nyuma yao, wachanga katikati, ili mtu awe kivuli cha mwenzake. Kwa hiyo popote alipokwenda, hata arusini, hata msibani, akimwona mtu mrefu moyo wake ulisema: huyu ningemweka upande wa jua. Lakini utaratibu huo hufanya kazi asubuhi na jioni. Adhuhuri kila mtu hukanyaga kivuli chake mwenyewe, na hakuna cha kumgawia jirani.

Adhuhuri moja mtoto wa Mwanasiti alizirai. Macho yaligeuka meupe, shingo ikalegea. Siwema alichota maji ya barafu kwenye deli la chanjo akammwagia mpaka akalia, na kwa kilio kile wanawake wote nao wakalia. Kisha Mwanasiti akamfuta mwanawe kwa khanga, akasema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Siwema.

"Nesi, nakupenda kama dada yangu. Lakini sirudi tena. Surua ni ugonjwa wa labda. Jua hili ni ugonjwa wa leo."

"Mwanasiti, usiseme hivyo."

"Nimesema. Na hawa wenzangu wamesema, ila wanakuonea haya."

Siwema aliwatazama, nao wakatazama chumvi. Alijua wasiporudi nini kitakuja. Alishawahi kuiona surua ikipita kijijini, na hakutaka kuiona tena.

"Nipeni mpaka kliniki ijayo," akasema. "Nitakuja na kivuli."

"Utakichuma wapi?"

"Kwenye gari. Nitafunga turubai ubavuni."

Msikilizaji mwerevu ataniuliza: kwa nini asichimbie nguzo nne, akatandika turubai juu, mambo yakaisha? Ni kwa sababu katika nchi ile ardhi pia ni mali ya serikali, na kuchimba shimo ni kuitoboa nchi yenyewe. Gari ukilitoboa unafungwa. Nchi ukiitoboa, jamaa zako ndio wanaoelezwa ulikuwa mtu wa namna gani.

*

Wizara ya Mabati Mazima ilikuwa jengo refu lisilo na msumari hata mmoja. Wizara haikutaka kuhubiri maji ikanywa mvinyo, kwa hiyo kutani hapakuwa na kitu kilichopigiliwa. Picha ya Mtukufu Kiongozi ilishikiliwa na maofisa wawili, waliokuwa wakipokezana na wengine wawili wakati wa chakula. Saa ya ukutani ilishikiliwa na mama mmoja ambaye, ukimwuliza ni saa ngapi, hakuweza kujua, kwa kuwa ilikuwa juu ya kichwa chake. Kila mmoja alikuwa na cheo.

"Hamjambo?" Siwema akasema mlangoni.

"Hatujambo," wakajibu kutani kote, na hakuna aliyeweza kumpa mkono.

Pembeni alisimama bwana mmoja mrefu mno, mwembamba, amekumbatia kalenda ya ukutani. Huyu aliitwa Bwana Lukindo, Kaimu Mkurugenzi wa Gundi. Alipelekwa ng'ambo kusomea gundi, akarudi na shahada ya gundi, akaambiwa ashike kalenda kwa muda mpaka matumizi ya gundi ukutani yaidhinishwe. Yalikuwa hayajaidhinishwa. Kila mwezi ulipokwisha alifunua ukurasa kwa meno. Siwema alimpima kwa macho toka utosini mpaka viatuni, na moyo wake ukasema: lo, huyu ni wa upande wa jua hasa.

Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Barawa, alikuwa mfupi wa kimo na mrefu wa sentensi.

"Kivuli!" akasema. "Nesi, umegusa suala nyeti, suala mtambuka, suala ambalo Wizara yangu imelisubiri kwa hamu bila kujua kuwa inalisubiri. Lakini kivuli cha mwananchi hakiwezi kupanda gari la serikali kabla ya heshima ya serikali. Sivyo?"

"Sivyo," akasema Siwema.

"Ahsante kwa kukubali. Kwanza picha ya Mtukufu, mbele. Pili nembo ya taifa, yule mamba wa plasta aliyekumbatia chungu. Bendera na mlingoti wake. Vipaza sauti. Kiti changu cha kupungia wananchi, kikae juu ya paa. Ngazi ya kupandia kwenye kiti. Zulia jekundu la kushukia toka kwenye ngazi. Kisha hicho kivuli chako."

"Mheshimiwa, lile ni gari la kliniki. Nyuma limepinda kidogo."

"Litanyooka likiona heshima hizi. Nami nitakuja kukizindua mwenyewe. Kivuli kisichozinduliwa, Nesi, ni giza tu."

Siwema alifungua kinywa. Njiti ya kiberiti ilikuwa imeshafika vidoleni. Lakini akamkumbuka Mwanasiti akimfuta mwanawe kwa khanga, akakifunga. Turubai lilikuwa mali ya Wizara, na asiyekubali mamba hapewi turubai.

*

Kazi ya kushikiza ilifanyika uani mwa Wizara, na idara zote zilihudhuria.

Ilianza Idara ya Sumaku. Wakaleta sumaku kubwa, wakaitoa kwenye kitambaa cha hariri, wakaibandika ubavuni mwa gari. Ikaanguka. Wakaibandika tena. Ikaanguka juu ya kiatu cha mkubwa wao. Hamduni akawaeleza kwamba gari limegongwa mara nyingi na ubavu ule si bati tena, ni puti iliyopakwa rangi. Mkubwa wa Sumaku akachechemea pembeni na kutangaza kuwa gari lina tatizo la uzalendo.

Ikafuata Idara ya Vibano, vijana wawili wapole. Hawakuhutubia. Waliliweka turubai juu ya paa, wakabana ukingo wake mmoja kwenye ule mfereji mdogo wa kuchuruzisha mvua, wakalikunja vizuri likawa tayari kufunguliwa, wakaondoka. Kwa kuwa hapakuwa na hotuba, hakuna aliyejua kwamba kazi imefanyika, na heshima zote za serikali zikaja kupangwa juu yake.

Ndipo akaitwa Bwana Lukindo. Jamani, furaha ya mtu aliyeitwa kufanya kazi aliyoisomea! Alimkabidhi mwenzake kalenda, akashuka ngazi mbili mbili, akapaka gundi yake ubavuni mwa gari na kuanza kuieleza: asili yake, tabia yake, maadui zake. Na kama ilivyo desturi ya wahadhiri, alipofika pahala patamu aliegemea. Aliegemea kwa kiganja cha kushoto, kwenye gundi.

Walimvuta. Walimvuta tena kwa wimbo, Kwaya ya Taifa ikisaidia. Kiganja hakikuachia.

"Mvuteni kwa nguvu!" akasema Siwema.

"Hapana!" Waziri akapiga kelele. "Mkimbandua yeye mtabandua rangi, na kubandua rangi ni mwanzo wa kutoboa! Itaundwa kamati ya kumbandua. Kwa sasa na ahesabiwe miongoni mwa vifaa vya nje vya gari."

Basi wakamfungia Bwana Lukindo kibao cha kukanyagia, apate pa kuweka miguu safarini. Alisimama pale, mkono mmoja garini, uso umemwiva kwa aibu, na kwa mbali kwa fahari, maana gundi yake ilikuwa imethibitika.

Mwisho ikaja Idara ya Raba, yenye utaalamu ambao kila mmoja wetu anaujua: tyubu kuukuu za tairi, zimechanwa vipande virefu. Kwa raba hizo nchi ile hufunga kuku, magodoro, majeneza na baiskeli zenyewe. Itifaki inasema mkubwa huingia kwanza, basi Mheshimiwa Barawa akaingia, akaketi karibu na Hamduni. Idara ya Raba ikaanza. Walipitisha juu ya paa, wakaingiza dirisha la kulia, wakatolea la kushoto, wakazungusha chini ya uvungu, wakarudi juu, wakavuta mpaka gari likaguna. Kila fundo likapigwa lakiri ya serikali. Kila heshima ikashika barabara, kiti juu, ngazi kando ya kiti, mamba juu ya boneti, picha ya Mtukufu mbele ya kioo cha dereva. Hakuna aliyewaza milango. Kila mtu aliwaza heshima.

"Na mimi nakaa wapi?" Siwema akauliza.

Wakatazamana. Wakamfunga kwenye kiti cha kupungia, deli la chanjo mapajani.

*

Safari ile inasimuliwa hadi leo. Hamduni hakuona mbele, maana mbele palikuwa na uso wa Mtukufu, na nani angethubutu kuuhamisha? Kwa hiyo Siwema ndiye aliyeona njia, naye akaongoza kwa sauti toka juu ya paa.

"Kushoto, Hamduni! Kushoto jamani! Sasa mbuzi! Simama! Mbuzi amepita, twende!"

Wananchi barabarani waliona gari lenye bendera, na juu yake mama amekaa kitini na sanduku la heshima mapajani, akitoa amri. Wakavua kofia. Shule zikatoka na watoto wakaimba. Siwema alipunga mkono mara moja kwa kumfukuza nzi, kijiji kizima kikapiga vigelegele. Mwalimu mkuu mmoja akakimbia ubavuni akiomba darasa.

"Nimesikia!" akajibu Siwema, kwa kuwa ndivyo alivyowasikia wakubwa wakijibu, na mwalimu akabaki nyuma akilia kwa furaha.

Bendera na mlingoti wake vilibaki darajani. Mamba wa plasta alidondoka penye gulio, na wauza maandazi wakampigia saluti kwanza, kisha wakamwegemezea karai. Bwana Lukindo peke yake hakutikisika. Upepo ulimpeperusha koti, vumbi likamjaa masikioni, naye aliwapa shikamoo wazee wote waliosimama kandokando ya njia. Hakuwahi kufika mbali hivyo tangu apewe kalenda.

Wakaingia Majarubani adhuhuri kamili. Wanawake walikuwako. Mwanasiti naye alikuwako, mtoto mgongoni. Hakuja kwa ajili ya chanjo. Alikuja kuona kama Nesi ni mwongo.

"Nifungulie nishuke nizindue," Mheshimiwa Barawa akasema.

Hamduni akasukuma mlango wake. Akasukuma wa Waziri. Akarudi kwenye wake.

"Haifunguki, Mheshimiwa. Raba zimeizunguka."

"Zifunguliwe!"

Bwana Lukindo, aliyekuwa ofisa pekee nje ya gari, akakohoa. "Mheshimiwa, raba zina lakiri. Lakiri huvunjwa kwa amri ya Waziri, akiitoa akiwa amesimama juu ya ardhi ya taifa kwa miguu yote miwili."

"Lakini nimo ndani!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndipo ugumu ulipo."

Siwema alikuwa ameshajinasua kitini, ameshashuka, ameshafunua deli na kulipapasa barafu lililobaki. Lilikuwa dogo. Jua la Majarubani likalianza lile gari, na gari lililofungwa juani, nyote mnajua, ni sufuria. Kwenye upenyo wa dirisha kikaonekana kipaji cha Mheshimiwa, kinachuruzika.

"Nesi," sauti ikasema. "Humu kuna joto."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Siku zote huwa hivi?"

"Leo kuna upepo."

Kisha: "Na watoto?"

"Watoto ndio hao, Mheshimiwa. Watazame."

Macho yakatokea kwenye upenyo, yakawatazama watoto, na watoto wakayatazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utumishi Mheshimiwa Barawa akakaa kimya bila mtu kumwandikia. Kile kimya kilikuwa kizuri. Tatizo hakikudumu.

"Nesi! Nakufa! Nipe kivuli!"

"Kivuli kipo. Kiko chini ya ngazi yako, chini ya kiti chako, chini ya zulia lako."

"Ondoa ngazi! Ondoa zulia! Ondoa vyote!"

"Niondoeje, na lakiri hizi?"

Akauliza, lakini mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni na kutoka na mkasi wa kukatia bendeji. Akauinua wanawake wauone.

"Sheria yenu imekataza kutoboa," akasema kwa ile sauti ya kuvuka mto. "Imekataza kuchomelea. Je, mkasi umetajwa?"

Kila mtu akamtazama Bwana Lukindo. Bwana Lukindo akafumba macho, akaipitia sheria nzima kichwani, kifungu kwa kifungu, huku mdomo ukimchezacheza.

"Haukutajwa," akasema. "Lo. Haukutajwa kabisa."

Siwema akakata.

Mmewahi kuona raba ya tyubu iliyovutwa ikikatwa? Ya kwanza ililia pwaa! ikapita juu ya foleni. Ya pili ikachukua vipaza sauti. Kiti cha kupungia kikaruka, kikapinduka hewani kwa madaha, kikatua katikati ya jaruba la chumvi na kuzama mpaka magotini. Zulia likajikunjua lenyewe mpaka kwenye vyoo. Mlango ukafunguka, na Mheshimiwa Barawa akamwagika nje, miguu yote miwili juu ya ardhi ya taifa, akipiga kelele, "Naamuru lakiri zivunjwe!" Ikawa kila kitu kimefuata sheria.

Na turubai likafunguka. Lilijikunjua toka kwenye vibano vyake taratibu, likashuka ubavuni mwa gari, likaning'inia tu, kama nguo iliyoanikwa. Ukingo wa nje haukuwa na nguzo, na nguzo haichimbiwi. Wanawake wakatazama. Mwanasiti akakaza khanga ya mtoto mgongoni, akageuka aondoke.

Mamba wote, raba zote, njia yote ile, kwa ajili ya nguo iliyoanikwa! Siwema alitaka kulia na alitaka kumpiga mtu. Akatafuta wa kumpiga, na macho yake yakamwangukia Bwana Lukindo, pale alipoganda, mkono wa kushoto garini, mrefu kupita wote.

"Bwana Mkurugenzi," akasema polepole. "Mkono wako wa pili unafanya kazi gani?"

Bwana Lukindo akautazama kama kitu alichosahau nyumbani. "Haujapangiwa kazi."

"Kamata hiyo kona. Inua."

Akakamata. Akainua. Turubai likaondoka ubavuni, na juu ya ile ardhi nyeupe kikalala kivuli, cheusi, kibichi, cha kwanza Majarubani tangu dunia iumbwe. Kona ya pili ilikuwa bado imelala. Mwanasiti aliitazama. Akarudi, akaiinua mwenyewe kwa mkono mmoja.

"Kumbe serikali ikinyoosha mkono inafika," akasema. "Haya Nesi, mchanje huyu kabla mkono haujachoka."

*

Mheshimiwa aliondoka kwa lori la chumvi, na jioni redio ikatangaza kwamba Wizara imefanikiwa kumshikiza ofisa wa kwanza nje ya gari bila tobo wala moto, na kwamba nchi jirani zinaona wivu. Kamati ya kumbandua ikaundwa. Ikakaa, ikanywa chai, ikaahirisha.

Kila kliniki Bwana Lukindo alikuja na gari, amesimama kwenye kibao chake, mkono garini. Wanawake walimletea uji, na mama mzee mmoja akamshonea kofia ya ukili. Usiku gari lililala barazani kwa Hamduni, na Bwana Lukindo akalala kwenye benchi, kiganja kimeinuliwa ubavuni mwa gari kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Kona yake haikushuka hata siku moja. Kona ya pili wanawake waliishika kwa zamu, na anayeshika alikaa juani ili wengine wasikae, na mara nyingi zaidi alikuwa Mwanasiti, kwa kuwa ndiye mrefu.

Siku moja mtoto wa Mwanasiti, yule yule aliyezirai, ambaye sasa alikuwa akitambaa na kupanda kila kilichopandika, alikiparamia kile kibao. Akafika juu, akajipongeza kwa kupiga makofi, akateleza.

Bwana Lukindo alimdaka. Alimdaka kwa mikono miwili.

Foleni nzima iliona. Mtoto alicheka. Bwana Lukindo alisimama pale, mikono yote miwili imejaa mtoto, na uso ukamshuka kama wa mwizi wa kuku. Basi wanawake wa Majarubani, bila kuambiana, wote wakageuka wakatazama chumvi. Waliitazama kwa bidii, kama wanaoiona leo. Bwana Lukindo akamrudisha mtoto chini, akarudisha kiganja garini polepole, akainua kona.

Siwema akamsogelea. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya kwanza," akanong'ona. "Gundi yangu haikustahimili jua. Niliisikia ikiachia wakati unakata raba."

"Na ukanyamaza."

"Nesi, kule nilishika kalenda. Mwezi ukiisha, nafunua. Hapa..." Akatazama chini, kwenye watoto waliolala hoi kivulini, midomo wazi. Machozi yakamlenga. "Wakijua watanirudisha."

"Wakijue nini?" akasema Siwema. "Mimi nimeona nini? Inua kona, jua limehama."

*

Haikupita muda Mheshimiwa Barawa akaja mwenyewe, na Kwaya ya Taifa nyuma yake, kumtunuku Bwana Lukindo nishani ya Ushikamanifu. Kwanza akataka kuhakikisha.

"Bado ameganda?"

"Ameganda, Mheshimiwa," akasema Siwema. "Sijapata kuona mtu aliyeganda namna ile."

"Ameganda!" wakaitikia wanawake, foleni nzima.

Waziri akavuta kiganja. Bwana Lukindo akaguna kwa uchungu mkubwa, uchungu uliosomewa. Waziri akaridhika, akatoa nishani, akafungua pini yake, na pini ikabaki hewani. Shati la Bwana Lukindo lilikuwa sare ya serikali, na yeye mwenyewe alikuwa kifaa cha gari.

Pini hutoboa, na kila mtu alilijua hilo. Sumaku ingehitaji bati, na gundi ilikuwa bado mbele ya kamati. Kuirudisha nishani mfukoni ilikuwa tusi kwa taifa, na kuiangusha uhaini. Ilibaki njia moja tu, na Mheshimiwa akaifuata kama mwanamume: akaibandika kifuani mwa Bwana Lukindo kwa mkono wake mwenyewe, akaishikilia hapo.

Akahutubia. Hotuba ikaisha. Akaendelea kushikilia. Kwaya ikaimba beti zote, ikageuza uso kwenye kila kiitikio, ikamaliza. Akaendelea kushikilia. Hapakuwa na mtu mwingine wa cheo cha kupokezana naye kuishika nishani ile, isipokuwa Mtukufu, naye hatoki nje tangu lile tone.

Jua likapanda. Mwanasiti alikuwa juani na kona yake, jasho linamtiririka shingoni. Siwema akamtazama yeye, kisha akamtazama Waziri, na moyo wake ukafanya hesabu yake ya siku zote.

"Mheshimiwa," akasema kwa adabu zote. "Mkono wako wa pili umepangiwa kazi?"

Mheshimiwa Barawa akafikiri. "La," akasema. "Nadhani la."

"Basi kamata hiyo kona. Hapana, juu zaidi. Wewe kimo chako kidogo. Hamduni, hebu lete kile kiti."

Hamduni akaingia jarubani, akakichomoa kile kiti cha kupungia, kimeota chumvi miguuni, akakiweka. Mheshimiwa akapanda. Akainua, mkono mmoja kwenye nishani, mwingine kwenye turubai, na kivuli kikatulia pande zote mbili.

Mwanasiti akaachia kona. Akanyoosha bega lake, akamchukua mwanawe, akaingia ndani ya kivuli na kukaa.

"Haya," akasema Nesi Siwema akifunua deli. "Anayefuata."